AKILI YA MZEE IPIMWE KWA HAKI

Mzee akiuliza jambo lile lile mara tatu kabla jua halijatua, jamaa zake hucheka kidogo na kusema, "Ni uzee tu." Akipotea njia ya kutoka kisimani, husema hivyo hivyo. Lakini siku atakapomwita mwanawe kwa jina la ndugu aliyekufa zamani, watu wataanza kunong'ona. Na kama mzee huyo ni mwanamke, tena mjane akaaye peke yake, minong'ono hiyo yaweza kuyahatarisha maisha yake. Katika sehemu za Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu ndogo kuliko hizo. Macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni yalitosha kuwa ushahidi. Twalitaja jambo hili mwanzoni, ndugu wasomaji, ili mtu asidhani ya kuwa habari za ugonjwa wa kusahau ni za wataalamu na maabara zao peke yao.

Uzee ni umri, na hiyo hali tunayoisema ni maradhi. Madaktari huiita dimenshia, na aina yake iliyo ya kawaida kuliko zote ina jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, aliletewa mwanamke aitwaye Auguste Deter. Daktari alimwonyesha vitu, naye akavitaja. Kitambo kidogo kikipita, hakukumbuka ameonyeshwa nini. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa darubini, akakuta mabaki ya ajabu yaliyogandamana kati ya chembe, na ndani ya chembe zenyewe nyuzi zilizosokotana. Mwezi Novemba mwaka ule ule aliwaeleza madaktari wenzake katika mkutano wa Tübingen. Na mgonjwa huyo alikuwa na umri gani alipoletwa? Miaka 51. Nani angethubutu kusema kwamba ulikuwa uzee tu?

Yafaa pia kueleza jinsi maradhi haya yanavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo jamaa wengi hudanganyika. Mzee asiyekumbuka kama amekunywa chai asubuhi aweza kukusimulia, hatua kwa hatua, safari aliyoifanya akiwa kijana wa miaka 20. Basi watu husema: "Akumbuka ya zamani vizuri sana, basi hana ugonjwa, anajifanya." La, hajifanyi. Mfaransa Théodule Ribot aliliandika jambo hili tangu mwaka 1881, kwamba kumbukumbu mpya hupotea kwanza na za kale hubaki nyuma. Katika ugonjwa wa Alzheimer, moja ya sehemu zinazoharibika mapema ni ile ndogo iliyo ndani ya ubongo usawa wa masikio, iitwayo hipokampasi, ambayo kazi yake ni kuipokea habari mpya na kuiweka akiba. Habari ya leo haipati pa kushika, ilhali iliyowekwa miaka 60 iliyopita ingalipo. Na ujuzi wa mikono una makao yake mbali zaidi, kwa hiyo bibi aliyesahau jina la mjukuu wake aweza bado kusuka ukili bila kukosea. Anayemwona akisuka atamwita mvivu au mjanja anaposhindwa kukumbuka alikoweka ufunguo. Haya ni makosa, na ni makosa yanayoumiza.

Sasa tuje kwenye neno hasa lililotufanya tushike kalamu: je, daktari ajuaje kwamba mtu huyu ni mgonjwa? Tangu mwaka 1975 kipimo kilichoenea duniani ni kile kilichotungwa Marekani na Marshal Folstein na wenzake, chenye alama 30. Mgonjwa huulizwa tarehe na mwaka. Huambiwa atoe 7 katika 100, kisha tena 7, na tena 7. Katika Kiingereza, huenda akaambiwa alitaje neno kinyumenyume, herufi kwa herufi. Apewe karatasi asome agizo na kulitimiza, aandike sentensi, anakili mchoro wa maumbo mawili yenye pembe tano tano yaliyopandana. Sisi tuliokaa mbele ya ubao, na kuchapwa kwa ajili ya hesabu za kutoa, twaweza kuyaona hayo kuwa mepesi. Lakini mweke mbele ya karatasi hiyo mkulima wa kahawa wa miaka 75 ambaye hajapata kushika kalamu maisha yake yote. Akili yake ni timamu. Aijua mipaka ya shamba lake, madeni ya jirani zake, na nasaba ya ukoo mpaka babu wa tano. Hata hivyo ataanguka mtihani, na karatasi itasema ya kwamba akili yake imeharibika. Atakuwa ameadhibiwa mara mbili: kwanza alinyimwa shule, kisha akaitwa mgonjwa kwa kuwa hakusoma.

Na lipo kosa la pili, lililo kinyume cha hilo. Mtu aliyesoma sana aweza kupita mtihani huo kwa mazoea ya shule ilhali maradhi yamekwisha kuanza. Kipimo cha namna hiyo humwonea huyu na kumficha yule. Mizani ya sokoni ikifanya hivyo, mwenye duka hushtakiwa.

Waafrika hawakukaa kimya juu ya jambo hili, wala hawakuridhika kulalamika tu. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Ibadan, chini ya Profesa Benjamin Osuntokun na baadaye Profesa Adesola Ogunniyi, kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, kwa upande wa Dakta Hugh Hendrie, kuwachunguza wazee wa Kiyoruba mjini Ibadan na wazee Wamarekani weusi mjini Indianapolis. Walitumia kipimo kilichotungwa makusudi kwa watu waliosoma na wasiosoma, ambacho hakimtegemei mzee peke yake. Jamaa anayeishi naye huulizwa pia: je, ameacha kazi alizokuwa akizifanya? Husahau alipoweka vitu? Hupotea kijijini kwake? Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yaliwashangaza wengi. Kila mwaka, katika wazee 100 wa Ibadan, waliopatwa upya na dimenshia walikuwa 1.35, huko Indianapolis walikuwa 3.24. Watu wenye asili inayohusiana, waliotenganishwa na bahari na utumwa, hawakuugua sawa. Sababu zake zingali zikijadiliwa, lakini jambo moja ni wazi: kama wangetumia mtihani wa kalamu na karatasi, wazee wa Ibadan wasiosoma wangehesabiwa wagonjwa kwa mamia, na ukweli huo usingeonekana kamwe.

Karibu nasi zaidi, katika wilaya ya Hai chini ya mlima Kilimanjaro, uchunguzi ulifanywa mwaka 2010 katika vijiji sita. Wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walipimwa, na baada ya kuusawazisha umri ilionekana kwamba 6.4 katika kila 100 walikuwa na dimenshia, yaani karibu mmoja katika kila 16. Kazi hiyo ilizaa kipimo kifupi chenye sehemu sita. Mzee huulizwa daraja ni nini. Kiongozi wa mahali pake ni nani. Leo ni siku gani ya juma. Hutaja wanyama kadiri awezavyo kwa dakika moja. Hutajiwa maneno kumi, na baada ya muda huulizwa ni yapi anayoyakumbuka. Na badala ya kuchora maumbo kwa kalamu hupewa njiti za kiberiti azipange kama mfano alioonyeshwa, wazo ambalo watafiti wa Ibadan walikuwa wamelitangulia. Hakuna kusoma, hakuna kuandika. Zahanati gani haiwezi kununua kiberiti?

Pengine atatokea mtu wa kusema kwamba tunaidharau elimu. Hatuidharau hata kidogo. Jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ambayo yakirekebishwa yaweza kuzuia au kuchelewesha karibu 45 katika kila wagonjwa 100 wa dimenshia, na ukosefu wa elimu utotoni umo, pamoja na shinikizo la damu, kisukari, uziwi, sigara, pombe na upweke. Huko Marekani masista 678 walikubali kuchunguzwa uzeeni, na hata kutoa bongo zao zichunguzwe baada ya kifo. Baadhi yao walikutwa na dalili zote za Alzheimer ubongoni ingawa waliishi na akili timamu mpaka mwisho. Shule basi ni kinga, na kwa sababu hiyo hiyo haifai kuwa mizani.

Kuhusu dawa tutasema machache. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo lecanemab, ambayo hupunguza mwendo wa maradhi kwa kiasi, wala haiyaponyi. Bei yake ilitangazwa kuwa dola 26,500 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Hatuna haja ya kumfanyia mkulima hesabu hiyo. Afadhali tutazame kile kilichojaribiwa Hai: wagonjwa 34 walikusanywa katika vikundi vidogo, vikao 14 kwa majuma saba, kwa mazungumzo na shughuli zilizobuniwa London na kugeuzwa ziwafae watu wasiosoma. Kumbukumbu zao zilipata nafuu, na maisha yao pia. Idadi ni ndogo, twakubali, lakini gharama nayo ni ndogo.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa milioni 57 mwaka 2021, na zaidi ya 60 katika kila 100 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi hutunzwa nyumbani na mke, binti au mkaza mwana, usiku kucha, kisha alfajiri mtu huyo huyo aende shambani au kiwandani. Vyama vya wafanyakazi vinavyodai likizo ya uzazi na ya msiba vidai na siku za kumwuguza mzazi aliyepotewa na kumbukumbu. Wizara iwafundishe wahudumu wa afya vijijini kile kipimo cha maswali sita, na kuwafundisha pia kukitafuta kwanza kinachotibika: dawa zinazogongana, masikio yasiyosikia, huzuni nzito, maradhi ya damu, kwa maana si kila asahauye ana dimenshia. Mwenyekiti wa kijiji aletewapo tuhuma juu ya bibi anayesema maneno yasiyoeleweka usiku, ampeleke zahanati kabla watu hawajamwendea mpiga ramli. Na halmashauri ya kijiji iwekewapo mezani hati ya shamba yenye dole gumba la mzee wa miaka 80, imwite mzee mwenyewe, bila wanawe, imwulize shamba hilo ni lipi na anampa nani. Asipojua, hati irudishwe.