KITUO KIMEHAMA, MPIGA KURA HAKUAMBIWA



Injili yatueleza kwamba Yosefu na Mariamu walikwenda Bethlehemu kuandikishwa. Safari ilikuwa ndefu na amri ilikuwa ya mtawala wa kigeni, lakini angalau waliujua mji waliotakiwa kwenda. Je, mpiga kura wa Kaptembwo, Bondeni au Lanet ana hakika hiyo? Nakuru ilitangazwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na kaunti yetu iliingia katika uchaguzi wa 2022 ikiwa na wapiga kura zaidi ya milioni 1. Katika umati huo, mtu aweza kuhamishwa kituo asijue, mpaka apange foleni tangu alfajiri, afike mezani na kuambiwa, "Jina lako halimo hapa."

Sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kufundishwa uchungu wa jambo hili. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na tarehe 29 Desemba 1992 tukapiga kura ya vyama vingi. Lakini wengi wa wakulima waliofukuzwa Molo na Olenguruone walikuwa wakilala katika viwanja vya makanisa. Kadi zao zilitaja vituo ambavyo hawakuthubutu kuvikaribia. Kura zao hazikuibwa ndani ya sanduku, ziliibwa njiani. Mwaka 2008 tuliona tena maelfu wakijaa katika Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru, mbali na makwao.

Siku hizi mtu hahitaji kuchomewa nyumba ili atenganishwe na kituo chake. Karatasi yatosha.

Sheria ya Uchaguzi yaweka kikomo cha wapiga kura 700 kwa kituo kimoja. Wakizidi, kituo hugawanywa na majina hupangwa upya kwa herufi. Ndiyo sababu moja iliyofanya vituo nchini kuongezeka kutoka 40,883 mwaka 2017 hadi 46,229 mwaka 2022. Hatupingi ongezeko hilo. Foleni fupi ni heri kwa mama mjamzito na kwa mzee wa mkongojo. Lakini kila kituo kinapogawanywa kuna watu waliohamishwa, hata kama wamehamia darasa jingine katika shule ile ile. Kabla ya uchaguzi wa 2013, eneo bunge la Nakuru Mjini nalo liligawanywa kuwa Mashariki na Magharibi. Mji unaokua utagawanywa tena na tena.

Tutajibiwa kwamba vituo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kwamba mpiga kura aliwezeshwa kutuma namba ya kitambulisho kwa 70000 ili ajue kituo chake. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini ni muuza mboga yupi asomaye Gazeti Rasmi? Na 70000 humjibu yule anayeuliza. Aliyepiga kura katika shule moja tangu ujana wake haulizi, kwa kuwa hajui kwamba kuna la kuuliza. Wajibu wa kutoa habari ni wa aliyehamisha kituo, si wa aliyehamishwa.

Hatumshtaki mtu yeyote kwa hila. Twasema tu kwamba mlango ulioachwa wazi hungoja mwizi. Wala maradhi haya si ya Afrika peke yake. Mwaka 2016, katika kaunti ya Maricopa, Arizona, nchini Marekani, vituo vilipunguzwa kutoka takriban 200 hadi 60 katika kura ya mchujo, na watu wakasimama foleni hadi usiku wa manane.

Katiba ya 2010, kifungu cha 83, yaagiza kwamba mipango ya uandikishaji na ya uchaguzi imwezeshe raia kupiga kura, isimnyime. Kwa msingi huo twadai haya:

Kwanza, kituo kisihamishwe wala kugawanywa katika siku 60 za mwisho kabla ya uchaguzi, isipokuwa kwa janga.

Pili, Tume ya Uchaguzi imtumie ujumbe kila aliyehamishwa ambaye namba yake ya simu inayo, bila kungoja aulize.

Tatu, orodha za mabadiliko zibandikwe makanisani, misikitini, sokoni, katika vituo vya matatu na katika ofisi za machifu, kwa lugha ambayo watu wanaielewa.

Nne, siku ya kura, kila kituo cha zamani kiwe na tangazo kubwa na afisa wa kuwaelekeza watu kwenye kituo kipya.

Nasi tusikae kitako. Mwaka 1997 makanisa yalishirikiana kuweka waangalizi vituoni kote nchini. Kazi ya sasa ni nyepesi kuliko ile. Kila parokia na kila ushirika uwachague vijana wawili wanaojua kutumia simu. Baada ya ibada wamketishe kila mwenye kitambulisho, wamtazamie kituo chake na kumwandikia kwenye kipande cha karatasi. Wafanye hivyo sasa, na tena wiki ya mwisho. Anayekutwa amehamishwa bila kuambiwa, malalamiko yake yaandikwe na kupelekwa Tume siku hiyo hiyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuliteseka mno kuupata uhuru wa kuchagua. Tusikubali uishie kwenye mlango wa darasa lisilo letu.