Kompyuta za Umma Zisizikwe Stoo

Katika shule na ofisi nyingi za umma nchini Tanzania kuna chumba kiitwacho stoo, na ndani yake zimo kompyuta zilizohukumiwa kuwa mbovu pasipo mtu hata mmoja kuzifungua. Kosa lake mara nyingi ni moja: zimekuwa nzito. Mtumishi husubiri robo saa ili aandike barua ya ukurasa mmoja, hukasirika, hulipiga sanduku kofi, na hatimaye huandika ombi la kununuliwa nyingine.

Yafaa ieleweke kwamba uzito huo si lazima uwe uzee. Prosesa ya kompyuta hutoa joto, na feni ndogo huipoza. Feni ikizibwa na vumbi, ambalo mtumishi wa Dodoma hahitaji kuelezwa habari zake, joto hupanda na mashine hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Dawa yake ni bisibisi, brashi laini ya rangi iliyo kavu, na subira kidogo. Umeme uchomolewe kwanza. Feni ishikwe kwa kidole isizunguke ovyo. Kitambaa chenye maji kisisogezwe karibu. Kasha la kupokelea umeme lililo ndani lisifunguliwe kamwe, kwani huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa. Hapo kazi ya mwalimu hukoma, ya fundi ikaanza.

Zipo dawa nyepesi zaidi. Mashine isiyozimwa wiki nzima izimwe na kuwashwa upya. Programu zinazojianzisha asubuhi bila kuitwa zipunguzwe. Diski iliyofurika ipunguziwe mzigo, na hapa watumishi waseme kweli, maana picha za harusi si nyaraka za mwajiri. Printa ya Tanga inayotafuna karatasi huenda haina kosa lolote: karatasi iliyoachwa wazi imenyonya unyevu wa bahari.

Kuna pia kompyuta ambayo kila ikiwashwa hurudi kwenye tarehe ya miaka iliyopita. Tarehe ikikosewa, tovuti nyingi hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama hupimwa kwa tarehe. Mwalimu aliyeketi kusajili watahiniwa hulaumu mtandao, kumbe kilichokufa ni kibetri cha duara mfano wa sarafu, kinachopatikana kwa fundi saa.

Kwa nini basi mambo mepesi hivi hayafanywi? Ni woga. Mashine ina namba ya mali ya umma. Mwalimu anajua kwamba akiifungua na ikazimika, ataulizwa yeye. Akiiacha ife polepole, hakuna atakayemwuliza. Utaratibu wa namna hiyo huadhibu juhudi na kulinda uzembe, na lawama yake ni ya wakuu, si ya walimu.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, miaka tisa baada ya ile ya kwanza kufungwa Wizara ya Fedha. Marufuku hiyo ilikwisha zamani, lakini stoo zinairudisha kimyakimya.

Kila mkuu wa shule na wa idara ampe mtumishi mmoja kibali cha maandishi cha kufungua na kusafisha mashine, na brashi zinunuliwe. Ombi la kompyuta mpya lieleze ya zamani ilifunguliwa lini, na nani, na nini kilionekana ndani. Lisiloeleza hayo lirudishwe lilikotoka.