Namba ya Spana Si Jina la Bolti

Katika maduka ya vipuri ya Gerezani jijini Dar es Salaam, kama ilivyo Kirinyaga Road jijini Nairobi, bolti huombwa kwa namba ya spana. Mteja husema anataka ya kumi, ya kumi na mbili au ya kumi na saba, na muuzaji hutia mkono kwenye boksi. Desturi hii imeenea gereji, kwa wachomeleaji na hata kwa wanaotunza mashine za kusaga nafaka. Naona wakati umefika tuiache, kwa sababu namba ya spana hupima kichwa cha bolti tu, ilhali mzigo unabebwa na kiwiliwili chenye uzi. Kiwiliwili hicho kina mambo matatu ambayo kichwa hakiyasemi: kipenyo chake, hatua ya uzi wake, yaani umbali kutoka jino moja hadi linalofuata, na daraja la chuma chake. Fundi asiyeyataja yote matatu hajaomba bolti, amebahatisha.

Tuanze na kipenyo. Kwenye magari ya Kijapani, ambayo ndiyo mengi barabarani kwetu, bolti inayofunguliwa kwa spana namba 17 kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 12. Lakini kwa kiwango cha zamani cha Kijerumani, ambacho bolti zake bado zinauzwa kwa wingi madukani, namba 17 ni bolti ya milimita 10. Spana ni ileile na jina la dukani ni lilelile, ila bolti moja ni nene na nyingine ni nyembamba. Vivyo hivyo bolti ya milimita 8 hufunguliwa kwa spana namba 12 kwenye gari la Kijapani na namba 13 kwa kiwango cha Kijerumani. Kijana aliyetumwa dukani kwa maneno "lete ya kumi na saba" anaweza kurudi na bolti inayocheza ndani ya tundu, na kwa jinsi alivyotumwa hatakuwa amekosea.

Kosa la kipenyo angalau huonekana mapema. La hatua ya uzi hujificha, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Chukua nati za tairi. Magari madogo mengi ya Toyota hutumia uzi wa kipenyo cha milimita 12 wenye hatua ya milimita 1.5. Ya Nissan mengi hutumia kipenyo hichohicho cha 12, ila hatua ni 1.25. Nati zote mbili hufunguliwa kwa spana namba 21, na ukiziweka kiganjani jicho halioni tofauti kwa urahisi. Nati ya Toyota ikiwekwa kwenye bolti ya Nissan itaingia mzunguko mmoja au miwili kwa vidole, kisha itagoma. Katika mizunguko 6 nati hiyo ingepaswa kutembea milimita 9, wakati uzi wa bolti unairuhusu milimita 7.5 tu. Nafasi hiyo haipo, kwa hiyo kitu kimoja lazima kiharibike. Fundi mwenye haraka huongeza bomba kwenye spana na kulazimisha, meno yanakatika, na nati inakaza kwa sababu imekwama, si kwa sababu imeshika. Anayeisikia imekaza huamini kazi imekwisha. Gari linatoka gereji likiwa na tairi lililoshikwa na mabaki ya uzi.

Jambo la tatu, daraja la chuma, haliwezi kujulikana kwa spana wala kwa vidole. Bolti ya vipimo vya milimita iliyotengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa huwa na alama kichwani: 4.6, 8.8, 10.9 au 12.9. Namba ya kwanza ukiizidisha mara 100 unapata nguvu ya kukatika kwa megapaskali, na ya pili hueleza ni sehemu ngapi za kumi za nguvu hiyo bolti itastahimili kabla ya kunyooka moja kwa moja bila kurudi. Kwa bolti ya milimita 10 yenye uzi wa kawaida, daraja la 4.6 hukatika kwa mvuto wa takriban tani 2.4, na la 8.8 kwa takriban tani 4.7. Mtu anayefunga mkono wa usukani kwa bolti laini badala ya ngumu ameondoa nusu ya nguvu bila kuona tofauti yoyote, maana rangi nyeupe au ya njano ya zinki iliyopakwa juu huzuia kutu tu na haisemi lolote kuhusu ugumu.

Tofauti hii ya madaraja hutokana na utengenezaji. Kiwandani bolti nyingi hazichongwi. Waya nene wa chuma hukatwa na kugongwa kichwa ukiwa baridi, kisha uzi hukandamizwa kati ya vibao viwili vigumu ili chuma kisukumwe kiwe meno, bila kukatwa. Kwa kuwa nyuzinyuzi za chuma hufuata umbo la jino badala ya kukatizwa, uzi wa namna hii huvumilia mtikisiko wa muda mrefu kuliko uliokatwa. Baada ya hapo bolti ngumu hupashwa moto mkali, huzamishwa kwenye mafuta, na kupashwa tena kwa joto lisilopungua nyuzijoto 425 za sentigredi ili isiwe ngumu ya kuvunjika kama glasi. Bolti iliyokerezwa mtaani kwa nondo laini na kupigwa uzi kwa dai, yaani kifaa cha kukatia uzi, inaweza kuwa na vipimo sahihi kabisa na bado ikawa ya daraja la chini. Na anayechomelea kichwa kipya juu ya bolti ya 10.9 anavuka joto lile kwa mbali, hivyo alama iliyobaki kichwani haina maana tena.

Wapo watakaosema mafundi wetu wameunda na kuunda upya magari kwa miaka mingi bila namba hizi, kwa uzoefu wa mkono. Uzoefu huo nauheshimu, na kanuni yake bora, kwamba nati nzima lazima iingie kwa vidole kabla ya spana, nisingependa ipotee. Lakini mkono hugundua hatua ya uzi baada ya safari ya dukani, na daraja hauligundui kamwe. Uingereza nayo iliishi kwa mazoea hayohayo. Hadi Joseph Whitworth alipopendekeza uzi wenye meno ya pembe ya nyuzi 55 mwaka 1841, kila karakana ilikuwa na uzi wake. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia akapendekeza pembe ya nyuzi 60, na bolti ya nusu inchi ikawa na meno 12 kwa inchi Uingereza na 13 Marekani, tofauti ndogo iliyotosha kuzuia vipuri visiingiliane. Ilipofika mwaka 1948 ndipo nchi hizo mbili pamoja na Kanada zilipokubaliana uzi mmoja, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kuzionyesha gharama ya tofauti hiyo.

Wengine watasema haya ni mambo ya Kiingereza na ya wasomi. Sivyo. Bolti, nati, washa, spana na uzi ni maneno ya Kiswahili cha karakana, na kila fundi anasoma namba. Kinachokosekana ni mazoea ya kutamka tatu badala ya moja. Hoja ya gharama nayo ni nyepesi: kuandika "12 kwa 1.5, daraja 10.9" kwenye boksi hakumgharimu muuzaji kitu, na geji ya kupimia uzi ni vipande vya bati ambavyo fundi akivitunza hatavinunua tena.

Walimu wa VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania, na wa vyuo vya ufundi vya Kenya wanaweza kuanza bila kusubiri waraka: mwanafunzi asipewe bolti stoo mpaka ataje kipenyo, hatua na daraja. Wauzaji watenganishe maboksi ya 1.25 na 1.5. Na wewe mwenye gari, siku utakapobadilishiwa nati za tairi, simama karibu uangalie zinavyoanza. Isiyoingia kwa vidole hadi mwisho, ikatae.