Jina Moja, Vidole Kumi



Wasomaji wetu watukufu, na hasa mama zetu na dada zetu, mara nyingi tumeombwa tuandike juu ya uraia wa Uingereza, kwani nyumba chache za Mji wa Kale zisizokuwa na mtoto au mkwe ng'ambo. Kila mara tulikataa. Fani yetu ni fiqhi na hesabu za mirathi. Mambo ya balozi na fomu yana wenyewe. Lakini katika Shawwal ya mwaka 1446, yaani Aprili 2025, tulijaaliwa kuwa Leicester kwa binti wa dada yetu, na siku yake ya kwenda kutoa alama za vidole na kuonyesha hati ilipofika, mumewe alikuwa kazini, tukamsindikiza sisi. Tuliyoyaona yalituhusu wenyewe kuliko tulivyodhani.

Binti huyu aliolewa hapa Mombasa na kijana aliyezaliwa huko, akahamia kwa mumewe mwaka 2019. Alipokwisha kupata ruhusa ya kuishi bila ukomo, sheria yao ya mwaka 1981 ikampa njia ya kuomba uraia. Aliyeolewa na raia hutakiwa awe amekaa miaka mitatu. Asiye na mwenza raia hukaa mitano, na aghalabu hungoja mwaka mmoja zaidi baada ya kupata ruhusa ile. Mtihani wa maisha ya Uingereza alikuwa ameshaufanya: maswali 24, dakika 45, na asiyepata 18 hurudi tena na pauni zake 50. Ada ya ombi aliilipa siku chache kabla haijapandishwa. Aprili hiyo ya 2025 ilipandishwa ikawa pauni 1,605, na 130 juu yake kwa ajili ya sherehe. Ombi likikataliwa, ada ya ombi hairudi. Twazitaja namba hizi ili mama anayeletewa habari kwa simu kwamba mwanawe "anajaza karatasi tu" ajue kwamba karatasi zile zina uzito.

Jioni moja kabla ya safari alikaa nasi mezani akiyapitia tena aliyoyajaza, huku mtoto amelala pajani pake. Akatuuliza, "Mjomba, hapa wameuliza kama nimewahi kujulikana kwa jina jingine lolote. Nimeandika la cheti cha kuzaliwa. Lakini wakiniuliza kwa nini nina mawili, niseme nini?"

Tukanyamaza. Jawabu lilikuwa letu.

Dada yetu alipomzaa alimpa jina la bibi yetu, Mwanaisha, na ndilo lililoandikwa katika cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2000, baba yake akiwa baharini, sisi ndio tuliomshika mkono kumpeleka darasa la kwanza. Zamani zile si kila shule iliyodai cheti mlangoni. Karani aliuliza jina, nasi tukasema: Aisha. Hatukughafilika, tulikusudia. Tulikuwa tumetoka masomoni karibuni, kichwa kimejaa, tukaona "Mwana" ni nyongeza ya kishamba iliyobandikwa juu ya jina la Mama wa Waumini, na kwamba tunalisafisha. Wala hatukumwuliza dada yetu. Tulisahau, au tulijisahaulisha, kwamba "Mwana" katika mwambao huu ni heshima ya mabibi: Mwana Mkisi wa Mombasa na Mwana Kupona aliyewatungia wanawake utenzi waliitwaje? Basi jina tulilolitamka dirishani likaingia katika daftari la shule, likapanda hadi cheti cha mtihani, kutoka hapo likaingia katika kitambulisho, kutoka kitambulisho katika pasipoti, na kutoka pasipoti katika cheti cha ndoa. Cheti cha kuzaliwa kikabaki peke yake sandukuni na jina lake la haki.

Tulimweleza haya yote. Hakukasirika, au alituficha. Alisema tu, "Mama alikuwa akiniambia ni makosa ya karani."

Dada yetu alitusitiri miaka 25.

Kwa bahati alikuwa ameshaandikiwa na wakili wa Mombasa hati ya kiapo kwamba Mwanaisha na Aisha ni mtu mmoja, akaipandisha kwenye mtandao pamoja na vyeti vingine. Jambo hili msilidharau. Serikali ile hutaka mtu awe na jina moja katika shughuli zote, na mwenye uraia wa nchi mbili anaweza kunyimwa pasipoti ya Uingereza iwapo pasipoti yake ya kwanza ina jina jingine. Kwa hiyo anayetaka kurudia jina la cheti cha kuzaliwa huanzia huku Kenya: hati ya kubadili jina iliyosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi, kisha kitambulisho, kisha pasipoti. Ni safari ndefu kwa neno moja lililotamkwa dirishani.

Lilikuwapo na jambo la pili. Mwaka uliotangulia, dada yetu alipougua, binti alikuja kumwuguza. Sheria husema kwamba katika miezi 12 ya mwisho kabla ya kuomba, mwombaji asiwe nje ya Uingereza zaidi ya siku 90, na kwa mwenza wa raia zisizidi 270 katika miaka mitatu. Yeye kwa kuhesabu kalenda alipata 98. Mwanamke mmoja wa jirani, tena mtu wa heri, alikuwa amemshauri asiiandike safari ile. Nani atajua?

Sisi tunaohesabu mafungu ya mirathi tulimwomba pasipoti na kalamu. Siku ya kuondoka na siku ya kurejea hazihesabiwi, kwa kuwa siku hizo mtu amekanyaga ardhi yao. Zikabaki 96. Na wakaguzi wao wana mwongozo wa kusamehe kwa kawaida anayezidisha kidogo, akiwa hakupita 100. Yote hayo yeye alikuwa hayajui alipojaza fomu. Hata hivyo aliiandika safari nzima, akaambatisha barua ya hospitali ya mama yake. Tulimwuliza ni nini kilichomfanya asifuate ushauri wa jirani. Akasema, "Ningeificha safari ya kumwuguza mama, mjomba, ningekuwa kama niliyeiba." Hatukuwa na la kuongeza. Kwa wanaopenda kusikia na upande wa sheria: kifungu cha 40 cha sheria ile ya 1981 kinamruhusu waziri kumvua mtu uraia alioupata kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo la maana, hata ikiwa imepita miaka mingi na watoto wamezaliwa. Mwenye kusema uongo katika fomu ameweka deni ambalo hajui litadaiwa lini.

Asubuhi tukapanda treni ya Birmingham, mwendo wa kama saa moja. Kazi ya kupokea alama za vidole serikali imeikabidhi kampuni, na mwombaji huchagua mwenyewe kituo na saa. Miadi mingine ni ya bure na mingine hulipiwa, basi anayewahi kutafuta huokoa fedha. Yeye alikuwa na pasipoti yake na karatasi ya miadi yenye ile alama ya miraba inayosomwa na mashine. Hati nyingine zote zilikuwa zimetangulia mtandaoni.

Tulipofika, mlinzi alisema kwa adabu kwamba anayeingia ndani ni mwenye miadi. Tukapewa kiti cha mapokezi, na mtoto, na mfuko wa mtoto. Mzee wa Kihindi aliyevaa koti zito alikuwa akizisoma karatasi zake kwa kidole, mstari kwa mstari, kana kwamba anarudia juzuu. Mama wa Kiafrika magharibi aliwapanga watoto wanne kwa kimo. Hakuna aliyezungumza kwa sauti. Tulikumbuka chumba cha kadhi siku ya kugawa urithi, jinsi watu wanavyokaa wima.

Binti alikaa ndani chini ya nusu saa, na haya ni kwa maneno yake. Karani alikuwa mwanamke. Alisoma jina la pasipoti, kisha akauliza kama hilo jingine ni lake pia, akajitahidi kulitamka: Mwa-na-i-sha, kwa vipande. Binti akasema naam, yote mawili ni yangu. Pakapigwa picha. Mtandio hakuambiwa auvue. Avaaye kwa ajili ya dini hubaki nao, ilimradi uso uonekane wote kuanzia paji hadi kidevu. Avaaye nikabu hana budi kufunua uso kwa picha, lakini anaweza kuomba ahudumiwe na mwanamke mahali pa faragha, na ni vema aombe mapema, siku anapoweka miadi, asingoje kuhangaika mbele ya watu.

Kisha vidole: vinne vya kulia juu ya kioo, vinne vya kushoto, halafu gumba mbili. Hapa dada zetu wasikilize. Shawwal ni mwezi wa harusi, na siku tatu kabla yake wifi yake alikuwa ameolewa. Wanawake wote wa nyumba ile walitiwa hina. Maelekezo yanasema wazi kwamba ncha za vidole zisiwe na hina, wala jeraha, wala kitu kinachoficha mistari yake. Yeye alimwambia mpakaji amchore viganjani na mgongoni mwa mkono, aziache ncha zote kumi. Mpakaji alimcheka, akasema hajaona bibi wa harusini mwenye vidole vya mwanafunzi. Hata hivyo gumba la kulia lilikataliwa mara mbili, si kwa hina bali kwa sabuni ya kufulia nguo za mtoto iliyolikausha. Karani akampa kitambaa chenye maji alipanguse, na mara ya tatu likakubali. Watoto walio chini ya miaka mitano hawatoi alama za vidole, picha tu. Huyu wetu hata picha hakuhitaji, kwani baba yake ni raia na yeye alizaliwa huko.

Tulipokuwa tukingoja tulizifikiria ncha za vidole zilizotajwa katika Suratul Qiyama, tukaona haya mbele ya mtoto mchanga. Vidole vya mama yake havikubadilika tangu tumboni. Kilichobadilika ni jina, na mkono uliolibadilisha ulikuwa wetu.

Tuongeze mawili tunayoulizwa kila mara. La kwanza, je, binti ataupoteza Ukenya? Aliyezaliwa raia hapotezi: Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 16, imemhifadhia. Ila sheria ya mwaka 2011 inamtaka aijulishe serikali ya Kenya ndani ya miezi mitatu tangu apate uraia wa pili, na wengi hulipuuza hili mpaka wanapokwama. Waliochukua uraia wa nje kabla ya 2010 na kuupoteza wa Kenya wanaweza kuomba warejeshewe.

La pili ni ndoa. Cheti cha ndoa iliyofungwa hapa kwetu na kusajiliwa kwa msajili wa ndoa za Kiislamu alikipandisha, na hakikuleta taabu. Lakini nikaha inayofungwa Uingereza kwenyewe, sebuleni au msikitini, bila kusajiliwa kiserikali, kwa sheria yao si ndoa. Mahakama yao ya rufani ilishalisema hilo mwaka 2020. Mbele ya Mwenyezi Mungu ni mke, mbele ya karani si mke, na mume akiondoka hana dai la mke mahakamani. Walii wanaowaoza mabinti kwa simu walitie hili akilini kabla ya kuulizia mahari.

Ama kiapo cha utii kwa Mfalme, ambacho husomwa siku ya sherehe kwa jina la Mungu au kwa ahadi tupu, apendavyo mtu, wanazuoni wana maneno mengi nacho, na kinastahili makala yake.

Katika treni ya kurudi binti alimpigia mama yake, kisha akatupa simu. Dada yetu hakuuliza habari ya vidole wala ya picha. Aliuliza, "Wamemwita nani?"

Tukamwambia wamelisoma lile la pasipoti, kisha wamelisoma na la bibi. Tukamwomba radhi kwa lile la mwaka 2000, kwa sauti ya chini, maana behewa lilikuwa limejaa watu. Akasema, "Ndugu yangu, mimi nilikuwa nakungoja tu useme." Kisha akataka kumsikia mtoto.

Majibu ya ombi kwa kawaida hutoka ndani ya miezi sita. Tunapoandika haya bado yangojewa. Sisi tuliporudi Mombasa jambo la kwanza tulilolifanya ni kulifungua daftari la madrasa na kulilinganisha na vyeti. Katika watoto 41 wa darasa la tatu, tisa walikuwa na jina letu na jina la serikali yasiyolingana: Mohamed na Muhammad, Mwanahalima na Halima, Shee aliyefanywa Sheikh. Wazazi wao wameshakuja, na tumeyarudisha yote kama yalivyo katika vyeti vya kuzaliwa. Wa darasa la kwanza na la pili tunawangoja Jumamosi baada ya swala ya alasiri. Waje na vyeti vyenyewe, si nakala, na mama wa mtoto aje pia.