Mitandao haiunganishwi kwa hisani

Najua nimepotea, testi zilibana, na walimu watarajiwa tuna lundo la maandalio ya masomo ambayo hayaishi. Leo nimerudi na nina hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Wiki hii kulizuka ubishi kule kwenye vimbweta. Jamaa mmoja wa biashara, kichwa kweli na namheshimu, akasema serikali haina sababu ya kuwaingilia wenye makampuni ya simu. Hoja yake ni hii: kila kampuni imejenga minara yake kwa pesa yake, wateja imewatafuta yenyewe, kwa hiyo ikitaka kuwatoza watu wa mtandao mwingine bei inayojisikia, ni haki yake. Asiyependa ahame. Soko litaamua. Watu wakapiga makofi! Kipindi kikawa kimefika, tukatawanyika, basi mi najibu hapa na nitajibu kwa urefu.

Kwanza tuelewane jinsi mambo yanavyokwenda. Tuseme uko Voda, unampigia mtu wa Airtel. Simu inaanzia kwenye mitambo ya Voda, inavuka, inamaliziwa na Airtel. Wewe unailipa Voda. Voda nayo inailipa Airtel kiasi fulani kwa kila dakika kwa ajili ya kuimalizia hiyo simu. Hiyo ndiyo wanaiita gharama ya mwingiliano. Mtu wa Airtel akikupigia wewe, malipo yanageuka. Hutaiona kwenye salio lako, lakini imo ndani ya bei unayokatwa.

Sasa nauliza, nani mwingine anaweza kuifikisha simu yako kwa huyo mtu wa Airtel? Hakuna. Ni Airtel tu. Na kwa mtu wa Voda ni Voda tu, kwa mtu wa Halotel ni Halotel tu. Yaani kila mtandao, hata ule mdogo kabisa, ndio mwenye ufunguo pekee wa mlango wa wateja wake. Hapo soko linaamua nini? Tena anayelipa ni mpigaji, na mpigaji hakumchagulia mpigiwa mtandao. Mnaniambia nihame, sawa nitahama, lakini kama aliye kwenye mtandao ghali ni mama yangu kijijini, mimi kuhama kunasaidia nini?

Chukueni darasa la watu 100. Sabini wako mtandao mkubwa, thelathini mtandao mdogo. Kupiga ndani ya mtandao ni rahisi, kupiga nje ni ghali. Wa mtandao mkubwa ana wenzake 69 wa kuwapigia kwa bei rahisi. Wa mtandao mdogo ana 29. Mtandao mdogo unaweza kuwa na sauti safi na huduma nzuri kuliko mwenzake, haisaidii, watu wataukimbia tu. Simu nyingi za wateja wake zinakwenda nje, na kila inayokwenda nje inalipiwa. Ada ikiwa kubwa, mdogo hawezi hata kushusha bei, maana atauza dakika kwa hasara. Huo si ushindani. Ni mbio ambazo mmoja amefungwa gunia la mchanga mgongoni halafu tunamwambia mbona huendi.

Wanaosema "soko litaamua" waende wakasome historia ya Marekani, maana kule jaribio hili lilishafanywa. Hataza za simu za Bell zilikwisha mwaka 1893 na 1894. Makampuni mengine yakachipuka kila kona, na baada ya miaka kama kumi na tatu hivi yalikuwa na karibu nusu ya simu zote za nchi. Bell ikakataa kuwaunganisha. Matokeo yake, katika miji mingi mwenye duka alilazimika kuweka simu mbili ukutani, moja ya Bell na moja ya wapinzani, na kuzilipia zote, la sivyo anapoteza nusu ya wateja. Ukuta huo ulianza kulegea Desemba 1913, pale AT&T, kampuni mama ya Bell, ilipoiahidi serikali kwamba itawaruhusu wengine kutumia laini zake za masafa marefu. Na iliahidi kwa sababu ilikuwa inatishiwa kesi ya kuhodhi soko. Hisani haikuwepo hapo.

Mnacheka simu mbili ukutani? Sisi je? Kwa nini simu za Kichina za laini mbili ziligombaniwa hapa Bongo kama maandazi ya moto? Hatukuwa tunapenda urembo. Tulikuwa tunaunganisha wenyewe kile ambacho makampuni hayakutaka kukiunganisha kwa bei ya haki. Mtanzania alinunua laini ya pili, ya tatu, akakariri 0754 ni nani, 0784 ni nani, 0713 ni nani, kabla ya kupiga anahesabu kichwani. Tangu Machi 2017, tuliporuhusiwa kuhama mtandao na namba zetu, hata hiyo hesabu imekuwa kubahatisha, maana namba haikuambii tena mtu yuko wapi.

Turudi kwenye jirani zetu. Kenya, Agosti 2010, msimamizi wa mawasiliano alikata ada ya mwingiliano nusu kwa nusu, kutoka Ksh4.42 hadi Ksh2.21 kwa dakika. Mwezi huohuo Zain, ambayo ilikuwa ndogo mbele ya Safaricom, ikatangaza kupiga simu Ksh3 kwa dakika kwenda mtandao wowote. Mwezi huohuo! Wakenya waliomaliza shule enzi hizo waulizeni, watawasimulia.

Na hapa kwetu? TCRA ilishusha ada kutoka Sh112 hadi Sh34.92 kwa dakika kuanzia Machi 2013, ikaendelea kuishusha mwaka hadi mwaka hadi Sh26.96 mwaka 2017. Januari 2018 ikawa Sh15.60, 2019 Sh10.40, 2020 Sh5.20, 2021 Sh2.60, na Januari 2022 ikafika Sh2. Kutoka 112 hadi 2, jamani. Kila ada iliposhushwa tulisikia wimbo uleule, kwamba makampuni yatashindwa kuwekeza. Mwaka 2013 nchi ilikuwa na laini za simu kama milioni 27. Mwisho wa 2022 zilikuwa zimepita milioni 60. Sisemi ada ndiyo iliyofanya yote hayo. Ninachosema, ule msiba tuliotangaziwa mbona hatukuzika mtu?

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipo. Ada ilishafika shilingi mbili, lakini angalieni vifurushi. Bado vipo vinavyokupa dakika lukuki za ndani ya mtandao na dakika za kuhesabu kwa vidole za mitandao mingine. Mnara haujui simu imetoka wapi. Kumfikishia mteja simu iliyotoka nje kazi yake ni karibu ileile ya kumfikishia iliyotoka kwa jirani yake wa mtandao huohuo. Kama gharama ya kuvuka ni ndogo kiasi hicho, huo utofauti mkubwa unatoka wapi? Mi naona ni ukuta uleule, umepakwa rangi mpya ukaitwa ofa.

Na msiseme hili ni suala la sisi kukosa kupiga stori na wachumba. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule niliyopangiwa ilikuwa kijijini, na mwalimu mmoja wa darasa alikuwa na daftari la namba za wazazi. Mtoto asipoonekana siku tatu, anapiga simu nyumbani, kwa vocha yake mwenyewe, hakuna anayemrudishia. Daftari lile alikuwa amelipanga kwa mtandao. Kurasa za mbele, wazazi wa mtandao ambao kifurushi chake kina dakika nyingi. Hao walipigiwa siku hiyohiyo. Kurasa za nyuma, wa mitandao mingine. Hao alikuwa anawabipu, asipopigiwa anasubiri mtoto wa jirani apeleke barua, au anasubiri kifurushi kingine. Nilimuuliza, shikamoo mwalimu, hawa wa nyuma inakuwaje? Akanijibu bila hata kuinua uso: "Mwanangu, hao Mungu anawaona."

Hebu fikirini. Binti wa darasa la sita anaacha kuja shule, na kama mzazi wake atajua siku ya tatu au wiki ya tatu inategemea mzazi alinunua laini gani gulioni. Yule mwalimu simlaumu hata kidogo, alikuwa anajitolea. Namlaumu aliyeweka ukuta mahali ambapo hapakuhitaji ukuta.

Mtaniambia, mbona kwenye pesa makampuni yalielewana yenyewe? Nilijua mtasema. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, kwetu Aprili 2008, wengine wakafuata na huduma zao. Kwa miaka kadhaa ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, pesa haikuingia kwenye akaunti yake ya simu. Alipata ujumbe wenye namba za siri, aende kwa wakala wa mtandao wako akatoe, na gharama juu. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel ndio walianza kufungua njia ya pesa kwenda moja kwa moja kutoka akaunti hadi akaunti. Vodacom, mkubwa wao, akaja mwaka 2016. Kenya ilibidi wasubiri hadi 2018, miaka 11 tangu M-Pesa izaliwe.

Ni kweli, hapa kwetu walikaa mezani wakakubaliana, na Tanzania ilikuwa ya mwanzo Afrika, tujipongeze. Lakini angalieni nani aliwahi na nani alichelewa. Mdogo anataka mlango ufunguliwe, mkubwa hana haraka. Simlaumu mkubwa kwa ubaya wa roho, hesabu zake ndizo zinamwambia hivyo. Ndiyo maana hatuwezi kuziachia hesabu zake pekee zituamulie. Na hata mezani pale hawakuwa peke yao, Benki Kuu ilikuwa inaangalia.

Na kazi haijaisha. Nendeni pale nje ya geti kwa wakala wenu siku boom limetoka. Mezani ana simu tatu, nne, kila moja na floti yake. Floti ya mtandao huu imeisha, ya ule imejaa, na wewe unaambiwa "rudi baadaye mdogo wangu". Pesa ipo, droo imejaa noti, lakini imegawanywa kwenye visanduku visivyoongea. Benki Kuu imeshajenga TIPS, mfumo unaopitisha malipo ya papo hapo kati ya mabenki na mitandao ya simu. Barabara kubwa ipo, bado vichochoro.

Hoja moja ya wapinzani ina uzito na sitaikwepa. Aliyepeleka mnara porini kwenye wateja wachache ametumia pesa nyingi, halafu mwingine aliyebaki mjini apitishe simu zake pale kwa bei ya bure? Sawa. Kwanza si bure, ada hupangwa kwa kukokotoa gharama za kuifikisha simu. Pili, kazi ya kupeleka minara kusikolipa tuna chombo chake, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, unaotoa ruzuku kwa kampuni zinazokubali kujenga huko. Kama ruzuku haitoshi, tudai iongezwe. Lakini kumlipisha mwalimu wa kijijini ada ya ukuta eti ndiyo itajenga mnara, hapana.

Ninachotaka ni hiki. Dakika za kifurushi ziwe dakika, za mitandao yote, na anayetaka kuzitenganisha aeleze gharama gani inamlazimisha. Kumtumia pesa mtu wa mtandao mwingine kusizidi kumtumia wa mtandao wako ila kwa kile ambacho kuvuka kunagharimu kweli. Wakala awe na floti moja inayohudumia wote. Na huduma yoyote mpya ikizinduliwa, iunganishwe tangu siku ya kwanza, tusingoje miaka sita au kumi na moja.

Na sisi wanafunzi tuache ushabiki wa mitandao kama Simba na Yanga. Watu wanabishana mabwenini nani ana bando tamu, kumbe wote tumefungiwa uani. Yupo msimamizi, yaani TCRA, na lipo baraza la watumiaji lililowekwa kwa sheria ya 2003 ili lisikilize watu kama sisi. Ni wangapi hapa mmewahi kuwaandikia? Mimi barua yangu nimeianza, nakala nitaibandika mlango wa maktaba, anayetaka kusaini aje na kalamu. Wale mliopiga makofi kimbwetani mna nafasi ya kwanza kwenye foleni.

Nawasilisha.