UKUTA WA MANDERA: PESA ZILIENDA, USALAMA UKO WAPI?



Kila shambulizi likitokea kaskazini mashariki, utasikia ule ule wimbo: "Jengeni ukuta, Wasomali wasivuke!" Nawaelewa wanaosema hivyo. Kuna wazazi wamezika watoto. Lakini hebu tuulizane kwa utulivu, hasira tuiweke kando.

Kwanza, ukuta tushaujaribu. Al-Shabaab walipoua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, serikali iliahidi kuufunga mpaka wetu na Somalia. Mpaka wenyewe ni karibu kilomita 700. Tukapata nini? Ua wa seng'enge na mtaro, pale Mandera karibu na Bula Hawa. Mwaka 2019 wabunge wakaambiwa kilomita 10 zimekula shilingi bilioni 3.4. Piga hesabu: milioni 340 kila kilomita, tena ya waya! Kwa bei hiyo mpaka wote ungemeza zaidi ya bilioni 230.

Pili, adui hatoki nje peke yake. Mmoja wa wauaji wa Garissa alikuwa Mkenya, mtoto wa chifu wa Mandera, amesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliyeongoza shambulizi la DusitD2, Januari 2019, pia Mkenya. Hao waya ungewazuia wapi?

Utaniambia, kwani wengine hawavuki kutoka Somalia? Wanavuka, ndio. Na wa kwanza kuumia ni watu wa Mandera wenyewe. Lakini vituo vya mpakani vilifungwa rasmi 2011, na bado watu walipita njia za panya. Anayeteseka ni mama anayeuza sokoni na mwenye jamaa ng'ambo ya pili. Mwenye silaha na pesa ya kuhonga hana shida. Kizuizi ambacho elfu moja inakifungua, hata ukikijengea saruji kitafunguka tu.

Tatu, kuna ukuta mwingine ambao hauonekani. Msomali Mkenya amepigwa msasa miaka na miaka ndipo apate kitambulisho. 2014 maelfu walikamatwa Eastleigh, wengine wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Februari 2025 Rais alitangaza huko Wajir kwamba huo msasa umekwisha. Alhamdulillah, lakini tuufuatilie ofisi kwa ofisi, maana tangazo si kitambulisho.

Sisemi mpaka uachwe wazi. Nasema tufungue vituo rasmi, anayevuka aandikishwe, afisa anayekula hongo ashtakiwe, na mwananchi akileta habari asikilizwe, asigeuzwe mshukiwa.

Mkumbuke Desemba 2015, lile basi lililokuwa likienda Mandera. Magaidi waliwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Wakakataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, akapigwa risasi, na Januari 2016 akafariki. Allah amrehemu. Siku ile hakuna seng'enge iliyookoa abiria wale. Waliookolewa, waliokolewa na majirani.

Basi mbunge wako akija tena na hadithi ya ukuta, muulize maswali mawili tu: zile bilioni 3.4 zilifanya nini, na nani amewajibika?