Kampuni Isiyo na Mlango

Msomaji kijana, tuseme baba yako ameagiza kitanda kwa fundi mmoja wa hapa Umoja, karibu na Mtindwa. Wiki ya pili mguu wa kitanda wavunjika, mtoto aanguka na kuumia. Baba arudi kwa fundi, naye fundi ajibu, "Mimi nilipokea agizo na fedha tu. Mbao alipiga jirani yangu, mshitaki yeye. Tena karakana yangu haikuandikishwa hapa, imeandikishwa ng'ambo." Je, mtaa mzima usingemcheka? Basi udhuru huo huo kampuni kubwa imeutoa mbele ya majaji wetu, na wako watu wenye elimu wanaotutaka tuukubali.

Kwanza yapasa tuseme haki ya kampuni. Sheria huihesabu kampuni kuwa mtu kamili, mbali na wenye kuimiliki. Mwaka 1897, katika shauri la Salomon, mtengenezaji viatu wa London, mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba madeni ya kampuni yake si madeni yake mwenyewe. Kenya hufuata kanuni hiyo, nayo ni njema. Nani angethubutu kutia akiba yake katika biashara, akijua kwamba ikifilisika nyumba yake itauzwa? Lakini ngao hiyo ilitolewa kumkinga mtu na hasara. Haikutolewa ili ajifiche nyuma yake baada ya kumdhuru mwenziwe.

Sasa tazama shauri la Meta, wenye Facebook. Vijana waliajiriwa Nairobi na kampuni iitwayo Sama kuchuja maudhui ya Facebook, yaani kutazama mauaji na unyama wa kila namna ili wewe na mimi tusiuone. Mwaka 2022 Daniel Motaung wa Afrika Kusini, aliyeifanya kazi hiyo, alizishitaki kampuni zote mbili, akidai kwamba ilimdhuru akili. Meta ikajibu kwamba haikuandikishwa Kenya wala haikuwa mwajiri wake. Kwa hiyo mahakama zetu hazina mamlaka juu yake. Februari 2023 mahakama ya mambo ya kazi iliukataa udhuru huo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaukataa pia. Angalia vizuri: majaji hawakusema kwamba Meta ina hatia. Walisema tu kwamba inao mlango, na aliyeumia anaweza kuubisha.

Hata hivyo, mwaka uo huo wa 2024 mswada ulipelekwa katika Seneti ili kampuni inayotoa kazi isishitakiwe na wafanyakazi wa kampuni iliyopewa kazi hiyo. Hoja ya watetezi wa kinga kama hiyo ni kwamba tukiwasumbua wenye mitaji watakwenda kwingine, na vijana wetu hawana kazi.

Kweli hawana. Kila asubuhi nawaona wakishuka kutoka Umoja na bahasha za vyeti kwapani, na jioni nawaona wakirudi nazo. Lakini mtu akiugua kwa sababu ya kazi, gharama ya dawa haitoweki. Hutoka mfukoni mwa mama yake. Tena, kwa nini mwenye kiwanda wa Viwandani, anayeweza kushitakiwa siku yoyote, ashindane na tajiri asiyeweza kushitakiwa kabisa? Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mwenyeji augue na kunyamaza.

Kesho utawekewa mkataba mezani, nawe utakuwa na haraka ya mshahara. Kabla hujatia sahihi, uliza mambo mawili: Ni nani hasa ninayemfanyia kazi? Nikidhurika, nitabisha mlango wa nani? Asiyetaka kukujibu, mwogope.